Meno Sitini kwa Ishirini

Sekela mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana nakusikia chumba cha pili ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Hali yangu umeiona mezani: jicho la kushoto limefumba, mdomo umepasuka, nikawaambia nimeanguka na bodaboda kwenye matope ya Lupepo. Mama yako alinitazama tu, akaendelea kupakua ndizi. Wewe hukuniuliza kitu. Ni miaka mitano sasa huniulizi kitu.

Sikuanguka na bodaboda. Nimepigwa. Nitakueleza nimepigwa na nani na kwa nini, lakini nikianzia hapo utadhani natafuta huruma, na mimi ni mtu wa mwisho kukuomba wewe huruma kwa sababu ya kipigo. Kwa hiyo acha nianzie mbali kidogo.

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya kutokunywa soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, ya kupiga simu kila Jumapili, mama yako ameyamaliza, na najua ameyarudia mara tatu. Sina la kuongeza. Nina jambo moja, na ni la ile gia.

Nianze na shule yangu. Darasa la nne, kule Mpuguso, tulikuwa na mwalimu wa hesabu, mtu mfupi, mpole sana akiwa nje ya darasa. Alikuwa na mchezo wake. Anakuita ubaoni, anakupa mgawanyo. Ukikosa, unachapwa kwa kukosa. Ukipata, unachapwa kwa kinachobaki. Ishirini na tatu gawanya kwa tano: nne, baki tatu. Vizuri, inama upokee tatu zako. Wa bahati ni yule aliyepewa ishirini na nne kwa sita, maana yeye anarudi kukaa akitabasamu. Marehemu kaka yangu alipewa hamsini na tisa kwa kumi. Alipata jibu, na zile tisa zilipofika ya saba alikuwa ameshajikojolea, na darasa zima likacheka. Nilicheka na mimi. Ukicheka mwalimu anaona uko upande wake.

Watu wanadhani pale tulijifunza kugawanya. Mimi nilichojifunza ni kuogopa baki. Mpaka leo, ukinipa namba mbili, kabla sijafikiri chochote mgongo wangu umeshauliza kama moja inaingia kwa mwenzake bila kubakiza. Nikikata bomba nataka vipande viishe sawa. Nikipanga mbao nataka ziishe sawa. Kiwandani walinisifu kwa hilo, wakasema fundi huyu ana mpangilio. Haukuwa mpangilio, mwanangu, ilikuwa fimbo.

Sasa ile siku. Ulikuwa kidato cha pili. Mashine ya kusokotea majani ya chai, ile ya mwisho karibu na mlango, ilikuwa imeua pinioni, yaani gia ndogo inayotoka kwenye mota na kuizungusha ile kubwa. Gia kubwa ina meno sitini. Ile ndogo iliyokufa ilikuwa na meno kumi na tisa. Nilikuwa nimeifunga na kuifungua miaka mingi, na kila nikiitazama ile kumi na tisa inanikera. Nikasema Mzungu aliyetengeneza hii alikuwa amelewa. Kumi na tisa kwenye sitini inaingia mara tatu na kubakiza tatu. Kwa nini ubakize, na ishirini ipo?

Spea ilikuwa haipatikani, na msimu wa majani ulikuwa umepamba moto. Kwenye vyuma chakavu nyuma ya karakana nikaokota pinioni ya meno ishirini. Jino lake moja liliwahi kuvunjika, fundi wa zamani akalijaza kwa kuchomelea. Nililiona. Nikalipitisha tupa kidogo, likang'aa, nikaridhika. Gia ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa hiyo nikasogeza mota nyuma na kuikalisha juu ya vibati. Mota iliposogea, kava la kufunika gia likagoma kukaa. Nikaliweka pembeni, nikasema nitalikata siku nyingine. Hiyo siku nyingine haikufika.

Ulikuja Jumamosi na chakula changu. Tulikuwa watu sita pale, mashine imezimwa, mimi nikijigamba. Nakumbuka nilivyosema: sitini kwa ishirini, mara tatu kamili, hakuna kinachobaki, hiyo ndiyo kazi. Ukaweka sufuria chini. Ukachukua chaki yangu, ukatia alama kwenye lile jino lililochomelewa, kwa sababu ndilo lililokuwa juu, ukamwomba Ambakisye, mwenzangu wa kazi na wa kwaya, azungushe gia kwa mkono, taratibu. Kila jino la chaki lilipogusana na jino la gia kubwa, ulilitia alama lile la gia kubwa. La kwanza. La ishirini na moja. La arobaini na moja. Kisha likarudi la kwanza. Akazungusha tena, na tena, na chaki haikuongezeka hata moja. Matatu tu, katika meno sitini.

Ukasema, "Baba, haya yatakutana yaleyale siku zote. Ile ya kumi na tisa ilikuwa inayapitia yote sitini kabla haijarudi la kwanza. Ndiyo maana waliweka kumi na tisa."

Nikakujibu kwa dharau kwamba kumi na tisa ni namba tasa, basi, hata mtoto wa la tano anajua, na sitini si namba tasa, sasa una hoja gani?

Ukasema, "Si lazima iwe tasa yenyewe, baba. Nane si tasa na tisa si tasa, ila hakuna kinachozigawa zote mbili isipokuwa moja. Unaangalia zikiwa pamoja, huangalii moja moja."

Ambakisye akacheka, kicheko chake kile cha kwaya, akasema, "Fundi, leo umepata mwalimu. Mtoto anakushinda hesabu mbele ya gia yako mwenyewe." Wote wakacheka.

Nilikupiga kofi mbele yao. Ulianguka juu ya sufuria, mchuzi ukakumwagikia shingoni. Hilo unalijua. Unajua pia kipigo cha nyumbani, ule mkanda wa mota, mweusi, wa mpira, na mlango niliofunga kwa ndani. Nilikupiga mpaka mkono ukachoka, nikahamishia wa pili. Mama yako alipovunja komeo na kuingia katikati, nilimpiga naye, kiwiko cha shavu, na ile alama anayowaambia watu ni ya kuni ni yangu. Sikuandikii haya ili nikukumbushe. Naandika ili yawe yameandikwa kwa mkono wangu, siku yoyote nikija kuyakana uwe na karatasi.

Kitu usichokijua ndicho hiki. Kwa miaka yote umeamini nilikupiga kwa sababu sikuelewa. Si kweli. Chaki iliporudi jino la kwanza mara ya pili, nilielewa palepale, kama mtu aliyemwagiwa maji. Sikujua kueleza kwa nini, ila macho yangu yaliona: jino bovu na meno matatu tu ya kugonga, mchana na usiku. Nilikupiga kwa sababu nilielewa. Ningekuwa sijaelewa ningecheka pamoja na wenzangu.

Jumatatu nikaiwasha mashine.

Ilifanya kazi wiki tano. Kungekuwa na kumi na tisa pale, ubovu wa lile jino ungesambaa kwenye meno yote sitini, kila moja lingechubuka kidogo, tungesikia kelele, tungesimamisha mashine na kubadilisha. Lenyewe lilikuwa na matatu tu, likayala hayohayo, mzunguko baada ya mzunguko, kimya kimya, huku hamsini na saba yaking'aa mapya. Nilikuwa napita nikiyatazama yale yanayong'aa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Ambakisye alikuwa anafagia majani yaliyomwagika chini ya mashine, kama kila siku. Jino la gia kubwa likakatika. Kipande kikaingia kati ya meno, gia ikakwama, kisha ikaruka, mashine nzima ikayumba. Ufagio ukadakwa, na mkono ukaufuata ufagio. Kava lingekuwepo, ufagio ungegonga bati tu.

Nilikuwa hatua kumi kutoka swichi. Nilipozima, mkono wa kulia ulikuwa umeingia mpaka juu ya kiwiko. Ilibidi nizungushe gia kinyumenyume kwa mikono yangu ili kuutoa, na nilisikia mifupa ikisagwa mara ya pili, safari hii na mimi mwenyewe. Damu ilichanganyika na majani, ikawa uji mweusi. Ambakisye hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Zima, fundi, zima," polepole, na mashine ilikuwa imeshazimwa zamani. Hospitali waliukata.

Siku ya pili meneja akaniita. Akauliza kava lilikuwa wapi. Nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri, na nilichofikiri ni mimi tu. Nikasema Ambakisye alilitoa mwenyewe ili afagie vizuri, nilishamwonya. Likaandikwa hivyo. Akaachishwa kazi kwa uzembe, bila kitu, mtu aliyesimama na mimi bega kwa bega kwenye besi ya kwaya miaka kumi na miwili. Ile pinioni niliitupa chooni. Ilipokuja spea ya meno kumi na tisa niliifunga mwenyewe, kwa mikono hii, na kava likakaa bila shida.

Kisha nikakuita jikoni. Mama yako alikuwa shambani. Nilikuambia: hukufika kiwandani, hukuona gia, hukuona kava, ukifungua mdomo, shule basi, na utaenda kuchuma chai. Nilikuwa nimeushika mwiko, na nilikuwa nauzungusha mkononi wakati nasema. Nilitaka uuone.

Lusajo, mdogo wake Ambakisye, alikuja Jumapili moja na panga. Alisimama pale kwenye migomba, akaniita mwongo mara mbili, kwa sauti ya kila jirani kusikia. Nilitoka na spana ya kufungulia bolti za mota. Yeye alikuwa kijana mwenye uchungu, panga amelishika kama mtu aliyeliazima. Mimi nilikuwa na miaka yote ya kupiga watu. Nilimvunja taya. Aliondoka akitema meno kwenye nyasi, na mtaa wetu wote wa Makandana ukasema mwanaume ni Baba Sekela, umfuate nyumbani kwake na panga akuachie? Nilipewa pombe wiki nzima. Nilipogeuka siku ile ulikuwa mlangoni. Ulikuwa unamtazama Lusajo, mimi hukunitazama.

Sasa lile ambalo linanila kuliko ule mkono uliokatwa. Miezi mitatu baadaye, tulipotoka kanisani, Ambakisye alitusubiri getini. Shati lake lilikuwa limekunjwa na kubanwa na pini. Mimi hakunisalimia. Aliinama kidogo kwako, akasema, "Sekela mwanangu, wewe ulikuwepo siku ile ya chaki. Hebu niambie tu. Kava lilikuwa limefungwa?"

Ulinitazama mimi. Nilikunja ngumi tu, ndani ya koti.

Ukamwambia, "Sijui, baba. Sikufika siku hiyo."

Alikuwa amekuona. Wewe ulikuwa umemwomba azungushe gia, na alikuwa ameizungusha kwa mkono uleule ambao sasa haupo. Alikutazama muda mrefu, akasema, "Ndaga, mwanangu." Asante. Akaenda zake.

Tangu siku hiyo ukiona yuko upande huu wa barabara unavuka upande wa pili. Uliacha kwaya ya vijana ukasema masomo yamezidi. Umeacha kunitazama, na hilo nililistahili, lakini umeacha pia kumtazama yeye, na hilo nilikuibia. Nilikuchukua mtoto msema kweli, nikakufanya shahidi wa uongo kanisani, na nikalala usingizi.

Utauliza nimeamka lini. Mwezi wa pili, ulipopata nafasi ya chuo, mama yako aliniambia nipange madaftari yako kwenye boksi yasiliwe na mchwa. Daftari la kidato cha pili likafunguka penye kurasa mbili za katikati. Ulikuwa umechora duara mbili, sitini na ishirini, na chini yake duara mbili nyingine, sitini na kumi na tisa. Pembeni ulikuwa umeandika kutoa kwa mfululizo. Tarehe ilikuwa ya Jumapili, siku moja baada ya kile kipigo. Yaani ulikuwa na mgongo umevimba, ukakaa ukahakikisha kama ulikuwa sahihi.

Mvua ilikuwa inanyesha, haikuwa siku ya kazi. Nikachukua maharage ya mama yako, nikahesabu sitini upande huu, kumi na tisa upande huu, nikafuata ulichoandika: toa ndogo kwenye kubwa, kisha toa ndogo kwenye kubwa tena, usisimame. Sitini toa kumi na tisa, arobaini na moja. Toa tena, ishirini na mbili. Toa tena, tatu. Sasa tatu ndiyo ndogo, toa kwenye kumi na tisa: kumi na sita, kumi na tatu, kumi, saba, nne, moja. Likabaki harage moja. Uliandika hapo: "Ukifika moja, hakuna kinachozigawa zote mbili." Nikafanya sitini na ishirini. Arobaini. Ishirini. Ishirini na ishirini, kwisha. Haikufika kwenye moja kabisa. Uliandika: "Zinagawana ishirini. Ndiyo maana zinarudi haraka."

Nilishinda pale kutwa. Nilijaribu ishirini na moja, nikadhani imepona kwa vile haiingii kwenye sitini kamili, ikaishia tatu, mbovu vilevile. Hapo nikaona nilivyokuwa mjinga mara ya pili: kumbe hata kubakiza peke yake hakutoshi. Nikajaribu arobaini na tisa, ambayo ni saba mara saba na si tasa hata kidogo, ikateremka mpaka moja. Sitini si tasa, arobaini na tisa si tasa, na pamoja ziko salama. Ulikuwa umenieleza hivyo hivyo kwa mfano wa nane na tisa, kwa sentensi mbili, ukiwa na miaka kumi na tano, na nikakujibu kwa kofi. Mama yako aliporudi alinikuta na maharage meza nzima na ninalia, akadhani amekufa mtu.

Nilijiona mule, mwanangu. Watu wa Makandana wananiita mcheshi, kiwandani ni fundi mzuri, kanisani nina sauti. Hamsini na saba wanang'aa. Ubovu wangu wote nimeugonga kwenye watu walewale: wewe, mama yako, na Ambakisye. Naomba niishie hapo kwenye hilo, nisije nikahubiri.

Lakini hata baada ya maharage sikwenda. Usinisifu kwa lolote. Nilikaa tena miezi mingine kwa woga, nikijiambia ngoja kwanza ada ilipwe, ngoja kwanza aondoke. Kilichonisukuma ni wewe. Wiki iliyopita ulimpiga kofi yule binti wa jirani kwa sababu alikucheka ulipokosea kufunga mzigo. Alianguka kwenye ndoo. Mkono wako ulikwenda kabla yako, na baadaye uliutazama kama si wako. Nilikuwa dirishani. Ule mkono naujua, Sekela, ni wangu, na kabla yangu ulikuwa wa mtu mfupi wa Mpuguso. Sikuweza kukuacha uondoke nao huku mimi nimekaa kimya.

Basi leo mchana nimekwenda Lupepo, kwa Ambakisye.

Alikuwa anakamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto, ndoo ameibana kwa magoti. Lusajo alikuwa anakata majani ya migomba. Mke wa Ambakisye akanipa kigoda kwa heshima, sikukaa. Nikasema yote, nimesimama, kuanzia jino lililochomelewa mpaka choo. Nikasema kava nililitoa mimi. Nikasema mtoto alinionyesha kwa chaki na nikampiga kwa ajili hiyo.

Ambakisye alimaliza kukamua kwanza. Akaiweka ndoo mahali ambapo haitamwagika. Kisha akaja akanipiga usoni kwa ule mkono mmoja, na usidhani mkono mmoja ni mdogo, umefanya kazi ya miwili miaka mitano. Nilianguka kwenye samadi. Nikainuka. Lusajo akanipiga mdomo, kisha mbavu, kwa teke, na akawa anasema kwa taya lile lililoungana vibaya, "Uongo wako nimeula mpaka leo kwa upande mmoja." Sikuinua mkono. Si kwa ushujaa. Mikono ilikuwa inataka, nikaikalia. Nilikaa chini juu ya mikono yangu kama mtoto, nikapigwa.

Ambakisye ndiye aliyemzuia. Akasema, "Inatosha. Ukimuua nani atakwenda kusema kwa meneja?"

Nikamwambia nitakwenda. Jumatatu tunakwenda wote wawili, na nitaandika kwa mkono wangu, na nitasaini. Sijui watanifanya nini. Kufukuzwa nitafukuzwa, hilo halina mjadala. Kama ni polisi, ni polisi. Ada yako ya mwaka huu imelipwa. Ya mwakani sijui itatoka wapi, na sitakudanganya kwamba najua. Nimeupima mwaka wako wa pili na mkono wa mtu, na nimeamua bila kukuuliza. Kama utanichukia kwa hilo, nichukie kwa jambo la kweli.

Mama yako nimemwambia baada ya chakula. Amesema neno moja, "Umechelewa." Kisha akaenda kuchemsha maji ya kunikanda.

Sina wosia mwingine. Huko chuoni utakuwa na spana mkononi na watu watakaokucheka, maana msichana kwenye karakana huchekwa. Ukikosea, acha wacheke. Mtu akikuonyesha kosa lako kwa chaki, hasa mdogo wako, iache chaki yake iendelee mpaka mwisho. Nilichopoteza mimi kilipotea katika muda mfupi sana, kati ya kicheko cha Ambakisye na kofi langu.

Sikuombi unisamehe. Kama siku moja itakuja, ije yenyewe.

Bado kuna la kesho. Nilipokuwa naondoka Lupepo, Ambakisye alinisindikiza mpaka barabarani. Hakutaka, nadhani ni miguu tu iliyozoea. Akauliza, "Mtoto anasafiri lini?" Nikamwambia kesho, basi la asubuhi. Akasema, "Nitakuja stendi. Nitamuuliza tena."

Nikamwambia hakuna haja, nimeshamweleza kila kitu, mtoto hana kosa.

Akasema, "Najua hana kosa. Siku ile pia nilijua. Nilikuona ulivyokunja ngumi. Lakini yule mtoto hajanitazama usoni miaka mitano, Baba Sekela, na anakwenda mbali. Simuulizi kwa ajili yangu."

Kwa hiyo atakuwepo. Atakuuliza kama kava lilikuwa limefungwa. Mjibu ulivyoona, kwa sauti, mbele ya yeyote atakayekuwa pale. Nitakuwa nimesimama karibu yako, na mikono yangu nitaishikisha mizigo yako, yote miwili, mpaka umalize kusema.

Baba yako.